Kutoka Pilani Hadi Webuye: Maisha ya Birla na Amana ya Mwenye Kiwanda

Mtu wa Pwani akipanda basi Mombasa kwenda Kitale hufika asubuhi ya pili hajui kama kinachomtetemesha ni baridi au ni uchovu. Ndivyo nilivyofika mimi juzi, nikahudhuria arusi ya mtoto wa binamu yangu, tukala walima tukashukuru, na siku iliyofuata nikapanda matatu kwenda Bungoma kumwamkia shangazi yangu aliyeolewa huko.

Njia hiyo hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, kisha hushuka Webuye. Hapo, chini ya vilima vya Chetambe, karibu na mto Nzoia, kuna kiwanda kikubwa chenye dohani refu ambalo huwezi kupita usilione. Nilimwuliza kijana niliyekaa naye kiti kimoja kile kiwanda kilikuwa cha nani hapo mwanzo. Akasema ni cha Wahindi. Nikamwuliza Wahindi gani. Akacheka, akasema Wahindi ni Wahindi tu.

Sikumlaumu. Kiwanda kile ndicho kilichoufanya mji ule kuwa mji, kikawapa watu mishahara na kikohozi, na leo mtoto aliyezaliwa pale hajui jina la waliokileta. Niliporudi nyumbani niliamua kuandika habari za nyumba ile ya biashara, na hasa za mzee aliyeikuza, Ghanshyam Das Birla. Amekufa zaidi ya miaka 40 sasa. Kwa nini tumzungumze mtu huyu katika ukurasa wa watu wa Pwani? Kwa sababu sisi nasi tumo katika kungoja viwanda. Dongo Kundu tunaambiwa ni eneo maalumu la uchumi, na wawekezaji wanakuja. Ramisi tumewahi kuwa na kiwanda cha sukari, kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilifi tumewahi kuwa na kiwanda cha korosho, nacho kikafa. Anayengoja mgeni ni vyema ajue wageni wa namna hiyo hutoka wapi, huja kwa nini, na huacha nini wakiondoka.

Wazee wetu walikuwa na msemo kwamba Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Ni msemo wa zamani na haukumtendea haki kila Banyani. Mimi leo sitaki kumsifu mtu kwa kiatu chake wala kumtukana kwa kabila lake. Nataka tumtazame kama mja mwingine yeyote, kwa alichokifanya.

Birla alizaliwa tarehe 10 Aprili 1894 katika kijiji cha Pilani, katika nchi kavu ya mchanga ambayo leo ni jimbo la Rajasthan huko India. Watu wake ni Wamarwari, kabila la wafanyabiashara. Anayewajua Wahadhrami atawaelewa Wamarwari mara moja. Nchi yao haina mvua wala mazao ya kutosha, basi mwanamume hufunga safari, hufungua duka ugenini, humwita mdogo wake, kisha mpwa wake, na pesa hurudi kujenga nyumba kijijini. Babu yake, Shiv Narayan, aliondoka Pilani kwa ngamia kuvuka jangwa hadi penye reli, akaenda Bombay kufanya biashara ya pamba na kasumba. Baba yake, Baldeo Das, akaiendeleza. Tauni ilipoingia Bombay mwishoni mwa karne ya 19, familia ikafungua mlango mwingine Calcutta, upande wa pili wa India.

Mwaka 1901 babu huyo alianzisha darasa dogo pale Pilani, mwalimu mmoja, kwa ajili ya wajukuu zake. Naomba msomaji aliweke darasa hilo akilini, maana tutarudi kwake. Ghanshyam mwenyewe hakukaa sana shuleni. Alijifunza hesabu za dukani, akasoma Kiingereza kidogo, na akiwa bado mtoto akatolewa kuingizwa kazini. Kilichobaki alijifundisha kwa magazeti na kamusi. Alioa akiwa bado kijana mdogo sana, kama ilivyokuwa desturi yao, na mke wa kwanza akafariki mapema, akimwachia mtoto wa kiume.

Akiwa na miaka kama 16 akawa dalali wa juti mjini Calcutta. Juti ni zile nyuzi wanazosokotea magunia, na wakati huo dunia nzima ilifungasha nafaka, kahawa na pamba katika magunia ya Bengal. Ulimaji ulikuwa wa Wahindi, lakini viwanda na usafirishaji vilishikwa na Waingereza, na zaidi Waskoti. Kijana Birla alikuwa akienda katika ofisi zao kutafuta biashara. Mambo mawili hakuyasahau hata uzeeni. Hakuruhusiwa kupanda lifti waliyopanda wao, na alipokuwa akisubiri kuitwa, hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi. Alisimama. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba dharau ile ndiyo iliyomwingiza katika siasa.

Sisi ambao babu zetu waliwahi kuishi chini ya utawala huo huo hatuhitaji kufafanuliwa. Mtu anaweza kukudhulumu pesa ukasahau, lakini akikunyima mahali pa kukaa hali yeye amekaa, hilo humfuata mtu maisha yake yote. Wengine hutoka hapo na chuki, wengine hutoka na kazi. Birla alitoka na kazi, na chuki kidogo pia. Mwaka 1914 jina lake liliingizwa katika kesi ya bunduki zilizoibwa Calcutta na vijana waliotaka kumwondoa Mwingereza kwa nguvu. Akajificha kwa muda mpaka mambo yakapoa. Hakuirudia tena njia hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaja, na vita vinahitaji magunia, ya mchanga kwenye mahandaki na ya chakula cha askari. Biashara ya nyumba ya Birla ikapanda mara kadhaa. Ndipo Ghanshyam akaamua kufanya ambalo Wamarwari hawakuwa wamezoea: kuacha kununua na kuuza tu, na kujenga kiwanda. Mwaka 1919 akaanza kiwanda chake cha juti. Wenye viwanda wa Kizungu hawakufurahi. Alipata taabu kupata ardhi, taabu kwa mabenki, taabu kuleta mashine. Kiwanda kikasimama hata hivyo. Baadaye vikaja viwanda vya nguo Delhi na Gwalior.

Mke wake wa pili, Mahadevi, alifariki mwaka 1926 kwa kifua kikuu. Birla alikuwa na miaka 32, tajiri, na watoto wadogo nyumbani. Hakuoa tena. Tangu hapo aliishi maisha ya kujibana: hakula nyama wala kunywa pombe, aliamka alfajiri, akitembea kwa miguu masafa marefu kila siku, na akizikagua hesabu za makampuni kwa macho yake. Katika makampuni ya Birla hesabu ya faida na hasara ilikuwa ikifungwa kila siku, kwa utaratibu wao wa Kimarwari, si mwisho wa mwaka. Meneja aliyekuwa mbali maili elfu alijua kwamba kesho mwenye mali atajua jana alipoteza ngapi. Huo ndio ufundi uliowawezesha baadaye kuendesha kiwanda Afrika wakiwa Calcutta.

Jambo lililomfanya ajulikane nje ya biashara ni urafiki wake na Gandhi. Walikutana mwaka 1916, na kwa zaidi ya miaka 30 Birla alikuwa mmoja wa watoaji wakubwa wa pesa zilizoendesha kazi za Gandhi. Hakukubaliana naye katika kila jambo. Gandhi aliamini gurudumu la kusokotea uzi nyumbani, na rafiki yake alikuwa na viwanda vya nguo vyenye maelfu ya mashine. Gandhi aliingia gerezani mara nyingi, Birla hakuingia. Birla alikuwa mtu wa kupeleka habari kati ya Gandhi na mawaziri wa Kiingereza, mtu wa kuingia milango yote miwili. Mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shirikisho la vyama vya wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1932 Gandhi alipounda jumuiya ya kuwatetea watu wa tabaka la chini kabisa, wale waliokatazwa hata kuchota maji kisima kimoja na wengine, Birla ndiye aliyewekwa kuwa rais wake.

Siku za mwisho za maisha yake Gandhi aliishi katika nyumba ya Birla mjini Delhi. Ni katika bustani ya nyumba hiyo alipopigwa risasi tarehe 30 Januari 1948, akielekea kwenye sala ya jioni.

Gandhi alikuwa na fundisho moja kuhusu matajiri ambalo Mwislamu atalitambua mara moja. Alisema kwa maneno yake kwamba tajiri si mmiliki wa mali yake bali ni mwekewa amana. Ale kwa kiasi, kinachobaki ni cha watu. Kwetu sisi hilo si geni. Mali ni ya Mwenyezi Mungu, mja ni mshikaji tu, na ataulizwa ameipata wapi na ameitumia wapi. Birla alilipokea fundisho hilo. Namna alivyolitekeleza ndiyo habari yenyewe ya makala hii, kwa kuwa alilitekeleza mahali pamoja akaliacha mahali pengine.

Mali ilizidi kukua. Mwaka 1936 nyumba ya Birla ilianzisha kampuni ya karatasi iitwayo Orient Paper Mills. Mwaka 1942 ikaanzisha Hindustan Motors, kampuni iliyokuja kutengeneza gari la Ambassador, lile la mviringo lililokuwa teksi na gari la waziri kwa miongo mingi. Mwaka 1943, wakati Waingereza bado wanatawala, Birla akasimamisha benki, United Commercial Bank. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ikaundwa Gwalior Rayon, kampuni ya kutengeneza nyuzi kutokana na rojo la mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia katika alumini kwa ubia na kampuni ya Kimarekani ya Kaiser, na kiwanda cha Renukoot kikaanza kazi mwaka 1962. Mwaka 1957 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa nchini humo.

Lakini uhuru ulileta na maswali. India huru ilikuwa nchi ya leseni. Hujengi kiwanda wala hukipanui bila karatasi ya serikali. Ilikuja kuonekana kwamba nyumba ya Birla ilikuwa hodari mno wa kupata leseni hizo, nyingine zikikaa bila kutumiwa huku wengine wakinyimwa. Katika miaka ya 1960 wachunguzi wa serikali waliliandika jambo hilo wazi, na bungeni jina la Birla likawa la kupigiwa kelele. Mwaka 1969 Indira Gandhi akayataifisha mabenki 14, na lile la Birla likiwamo. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuzuia nyumba kubwa za biashara zisijipanue kupita kiasi.

Hapa ndipo Bungoma inapoingia. Nyumba ya biashara yenye pesa, mafundi na mashine, iliyobanwa kwao, hutazama nje. Birla walikuwa wameshaingia Ethiopia, kwenye kiwanda cha nguo. Kenya nayo, ikiwa imepata uhuru mwaka 1963, ilikuwa ikiagiza karatasi kutoka ng'ambo wakati misitu ya kupandwa ilikuwa ikikua bara. Serikali ilitaka kiwanda chake. Ikapatikana kampuni ya ubia, Pan African Paper Mills, ambayo nchi nzima iliita Pan Paper. Wenye hisa walikuwa serikali ya Kenya, shirika la IFC la Benki ya Dunia, na Orient Paper ya nyumba ya Birla, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kuendesha. Nisimzulie mzee: upande wa familia ulioshika Orient Paper ni ule wa mdogo wake, Brij Mohan, na mwanawe. Ghanshyam alikuwa mkuu wa nyumba, si meneja wa Webuye.

Mahali palipochaguliwa paliitwa Broderick Falls wakati wa ukoloni, kwa sababu ya maporomoko ya Nzoia. Palikuwa na vitu vitatu ambavyo kiwanda cha karatasi hakiwezi kukosa: maji mengi, reli ya kwenda Uganda, na misonobari iliyopandwa nyanda za juu. Karatasi ilianza kutoka mwaka 1974.

Kwa wasiojua, karatasi hutengenezwa hivi. Gogo humenywa gamba, hukatwa vipande vidogo, hupikwa katika mapipa makubwa kwa dawa kali mpaka nyuzi zitengane na utomvu wake. Rojo hilo huoshwa, huchujwa, hutandazwa, hukamuliwa na kukaushwa. Kila hatua inataka maji, na maji yaliyotumika lazima yaende mahali. Mvuke wa kupikia nao una harufu ya kiberiti, mfano wa mayai viza.

Webuye ilipata mema. Ilipata umeme, nyumba, maduka, shule, na mishahara kila mwezi katika sehemu iliyokuwa ya wakulima. Daftari na magazeti ya Kenya yalitoka pale. Ilipata na mengine. Wakazi walilalamika miaka nenda miaka rudi juu ya harufu, vifua, mabati ya nyumba yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati wake, na rangi ya maji ya Nzoia, mto unaoishia Ziwa Victoria. Miti nayo ilikuwa ikitoka msitu wa serikali, na mwaka 1999 ukataji miti ulipopigwa marufuku katika misitu hiyo, Pan Paper ilikuwa kati ya kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Kenya, kwao labda walifanya vizuri. Basi tuvuke bahari kwenda Malabar, pwani ambayo majahazi yetu yaliijua kwa karne nyingi. Huko Kerala kuna mto Chaliyar, unaoingia baharini Beypore, penye mafundi maarufu wa kuunda majahazi makubwa ya mbao kwa ajili ya Waarabu. Juu ya mto huo, mahali paitwapo Mavoor, kampuni ya Birla ya Gwalior Rayon ilijenga kiwanda cha rojo kilichoanza mwaka 1963. Ajabu ni kwamba waliomwalika bepari huyo walikuwa serikali ya chama cha kikomunisti, kwa sababu watu walitaka kazi. Mianzi ya msituni alipewa kwa bei ya chini sana. Kiwanda kiliajiri maelfu. Mto ukaharibika, samaki wakafa, na watu wa kando ya mto, wengi wao Waislamu wa Malabar kama jamaa zetu, wakaanza kulalamikia maradhi. Kiwanda kilifungwa kwa mgogoro wa wafanyakazi kutoka 1985 hadi 1988, na wakati huo familia zilipata taabu kubwa ya njaa. Kilifungwa moja kwa moja mwaka 2001.

Hapo ndipo penye uzito. Wenyeji wa Mavoor walijikuta wakipigania mambo mawili yanayopingana. Walio na kazi walitaka kiwanda kifunguliwe, walio na wagonjwa walitaka kifungwe, na mara nyingine ni nyumba moja. Mwenye kiwanda hakuwa katika ugomvi huo. Alikuwa mbali, akizisoma hesabu za kila siku, na katika hesabu hizo hapakuwa na safu ya samaki wala ya vifua. Mtu aliyekumbuka maisha yake yote benchi alilonyimwa Calcutta alijenga viwanda ambamo watu wa kando ya mto hawakuwa na benchi la kukaa wakasikilizwa. Sisemi haya kwa kufurahia. Nasema kwa sababu linaweza kutokea kwa mtu mwema, mcha mungu wake, asiyekunywa wala kuiba. Wema wa mtu nyumbani kwake hauwi dhamana ya kiwanda chake ugenini.

Sasa turudi Pilani, kwenye lile darasa la mwalimu mmoja. Birla hakuliacha. Likawa shule kamili, mwaka 1929 likawa na chuo, na mwaka 1946 kikaongezwa chuo cha uhandisi. Mwaka 1964 vyuo hivyo vikaunganishwa kuwa taasisi ya teknolojia na sayansi, kwa msaada wa wataalamu wa MIT ya Marekani. Kijiji cha mchanga kilicho mbali na kila kitu kikawa mahali ambapo vijana wa India nzima wanashindana kuingia. Wahandisi waliotoka pale wametawanyika dunia nzima, na chuo sasa kina matawi, hata Dubai. Hapa ndipo alipotekeleza amana. Alipeleka kijijini kwake si kiwanda, bali uwezo wa kujenga viwanda.

Birla alifariki London tarehe 11 Juni 1983, akiwa na miaka 89. Alichomwa huko huko, kwa mila ya dini yake, na sanamu yake ipo Golders Green mpaka leo. Miaka michache baadaye nyumba kubwa ikagawanywa baina ya watoto, wajukuu na watoto wa ndugu. Kila tawi likachukua viwanda vyake. Lile la mjukuu wake Aditya lilitanda nchi nyingi na bado ni kati ya makampuni makubwa duniani. Karatasi zilibaki kwa tawi la Brij Mohan.

Kiwanda cha Webuye kiliishi zaidi ya miaka 25 baada ya mzee kufa. Madeni yalikilemea, ya mabenki na ya umeme, karatasi za bei nafuu zikaingia kutoka nje, na mwaka 2009 kikafungwa na kuwekwa chini ya mrasimu. Serikali ilijaribu kukifufua, hakikudumu. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la makampuni la Rai, nalo pia ni la familia yenye asili ya India, likafungua sehemu ya kazi. Bungoma hiyo hiyo ina kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, nacho kimepitia madeni yake. Watu wa kule wamejifunza kwamba dohani likitoa moshi ni taabu ya aina moja, na lisipotoa ni taabu ya aina nyingine.

Mombasa tunalo funzo letu wenyewe. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka kutoka Pwani mpaka Uganda na Congo, na viwanda vya kukamua mafuta, sabuni na pamba. Mwanawe alipofariki miaka michache baadaye, biashara ile yote ikasambaratika. Leo ukitaja jina hilo mjini hakuna anayekumbuka sabuni. Wote wanakumbuka shule iliyopo kando ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1923 kwa kumbukumbu yake, na iliyosomesha watoto wa kila kabila la mji huu. Pilani na Mombasa zimetoa jibu moja.

Basi ndugu zangu, wawekezaji wa Dongo Kundu wakija, tuwakaribishe. Vijana wetu wanahitaji kazi, na mimi si mtu wa kuwaambia wakae barazani. Lakini tusiridhike kuhesabu nafasi za kazi peke yake. Tuulize maji machafu yatakwenda wapi, maana Mtongwe na Likoni kuna watu na baharini kuna wavuvi. Tuulize siku kiwanda kitakapofungwa nani atalipa mishahara iliyobaki na nani atasafisha ardhi, na jibu liandikwe kabla ya jiwe la msingi. Wenzetu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliouliza baada ya risasi ya betri kuingia katika damu ya watoto wao, iliwabidi wafike hadi Mahakama ya Juu. Na tuulize watoto wangapi wa hapa watasomeshwa uhandisi, si ubebaji wa magunia tu, ili mwenye mali akiondoka abaki anayejua mashine.

Zaidi ya yote, tutake kukaa kwenye meza inapopangwa kazi, sisi wenyeji, wavuvi wetu na akina mama wetu. Birla alijua uchungu wa kusimama nje ya mlango wa ofisi. Ni uchungu ambao hata aliyeonja anaweza kuusahau akishakuwa yeye ndiye aliye ndani.

Niliporudi kutoka Bungoma, matatu ilipita tena Webuye wakati wa magharibi. Kijana mwingine alikuwa kando yangu. Safari hii ni yeye aliyeniuliza kama najua kiwanda kile kilikuwa cha nani. Nikamweleza mpaka tukafika Kiminini.